Ukuta Uliomwangukia Shemeji

Machi 2

Naanza kuandika shajara hii kwa sababu mtu wa nafasi yangu akifa bila kuandika, nchi inakula hasara. Mji huu wa mawe umesimama mamia ya miaka ukisubiri mtu wa kuutunza, na mtu huyo amefika jana kwa basi la saa nane, akiwa na begi moja, redio na mwavuli mrefu wenye ncha ya chuma. Kwenye karatasi wameniandika "mlinzi wa muda". Hicho ni cheo cha kuwapumbaza maadui.

Injinia wa kuukarabati ukuta mkubwa ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu. Alipofika kumi nikawaachia walimu wengine, nao wasikose kazi.

Baba yake, yaani shemeji yangu, alikuwa fundi wa mawe hapahapa. Ukuta huuhuu ulimwangukia wakati wa mvua, binti akiwa darasa la tatu. Tangu hapo dada hajakanyaga mahali hapa. Binti aliposema anakuja kuujenga, dada alimkatia simu na hajaipokea tena. Yangu anapokea. Kwa hiyo nimetumwa na pande zote mbili: mama amenituma nihakikishe binti hausogelei ukuta, na binti ameniajiri nimsaidie kuusogelea. Mtu mwenye akili ndogo angechanganyikiwa.

Machi 3

Nimeukagua mji wangu. Ukiingia kwa mlango wa kusini unapita ujia kati ya kuta mbili, mwembamba hivi kwamba mtu mnene hupita kwa ubavu. Mimi nilipita kwa ubavu kwa heshima tu. Kuta zinapanda mara tatu ya kimo changu, na mimi si mfupi. Hakuna saruji, hakuna udongo. Jiwe limekaa juu ya jiwe, kila moja kama mkate, uso wa mbele umechongwa na wa nyuma umeachwa ulivyo. Juu kabisa mawe yamelazwa mshazari, safu huku na safu kule, kama mkeka uliosukwa na mtu asiye na haraka.

Ndani ni kimya. Nilipiga kelele kidogo kujipima sauti ikanirudia, nami nikatoka.

Upande wa magharibi kuna pengo lililofunikwa mabati na turubai. Ni pale palipoanguka. Sikukaa hapo.

Machi 5

Leo nimekabidhiwa kazi yenyewe, nayo ni nzito. Kando ya lile pengo, ukuta uliobaki umetuna, umetokeza kama shavu la mtu anayetafuna. Injinia analiita bega. Amebandika juu ya nyufa zake vipande vitano vya kioo vyembamba kama rula, ncha moja upande huu wa ufa na ncha nyingine upande ule. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa ukucha, kioo kinakatika.

"Kila asubuhi, Mjomba," akaniambia. "Unaviangalia vyote vitano, unakuja kuniambia. Usivishike. Usiegemee chochote."

"Mwanangu, nimewahi kulinda benki."

"Uliwahi kulinda duka lililokuwa karibu na benki."

Anakumbuka mambo mengi mno, huyu.

Kwa hiyo mimi ni daktari wa ukuta. Kila asubuhi naupima.

Machi 6

Vioo vizima.

Machi 7

Vioo vizima. Mawingu.

Machi 9

Wageni, familia moja na mzee mwenye kamera. Kuwatembeza si kazi yangu, lakini huwezi kuwaacha watu wahangaike na ubao wa maelezo. Niliwaambia mji huu ulijengwa na mfalme aliyekuwa akiyaonja mawe kwa ulimi, yaliyo chachu akayatupa. Niliwaambia babu wa babu yangu ndiye aliyekuwa akimshikia maji ya kusukutua. Yule mzee akaandika.

Injinia alikuwa nyuma yangu. Walipoondoka akasema, "Mjomba, hakuna hata jina moja linalojulikana la mtu aliyeweka mawe haya. Hata moja."

"Ndiyo maana nawapa majina mimi. Wewe unaona vizuri wakae hivyo?"

Fundi mmoja mwembamba, tunayemwita Msumari, akacheka hadi akakaa chini. Ndiye aliyenipachika jina la Redio. Anasema ile niliyokuja nayo inazimika.

Machi 14

Dada amepiga. "Anasogelea ukuta?"

"Ukuta? Dada, ana ofisi! Ana kiti kinachozunguka. Ukuta anauona dirishani akipenda."

"Anakula?"

"Anakula mpaka aibu."

Kweli kabisa ni kwamba ofisi ni kibanda cha mabati, kiti kina miguu mitatu na tofali, na binti anakunywa chai akiwa juu ya jukwaa la mabomba. Lakini dada alipumua vizuri kwenye simu. Mtu akipumua vizuri umemponya.

Machi 20

Mvua ya kwanza ya maana. Vioo vizima.

Machi 21

Mvua. Vizima.

Machi 22

Mvua. Vizima. Viatu vimeota ukungu.

Machi 27

Leo nilimkuta injinia amekaa mbele ya pengo peke yake, mvua inampiga mgongoni. Nilimfunika kwa mwavuli. Akaanza kuniambia mambo ambayo sikuwa nimeuliza.

Anasema ukuta wa namna hii hauuawi na mvua ya juu, unauawa na maji yanayoingia ndani na kukosa njia ya kutoka. Mawe madogo ya tumboni yanashuka, uso unatuna, na ukishatuna huwezi kuusukuma urudi. Kuna njia moja tu ya kuuokoa, nayo ni kuushusha wewe mwenyewe kabla haujashuka. Unaanzia juu. Unatoa jiwe moja moja, unalaza chini kwa safu zilezile, halafu ukikauka unaupandisha tena.

"Baba na wenzake hawakutaka kuushusha," akasema. "Waliona ni kuvunja kazi ya wazee. Wakauwekea magogo ya kuutegemeza. Baba alikuwa chini, ameshika gogo."

"Sasa hili bega utalishusha?"

"Mvua ikiisha, kama litanisubiri. Ukianza kulifungua kwenye maji na vioo ni vizima, unaweza kuliharibu bure. Ndiyo maana nataka macho yako kila asubuhi, Mjomba. Yako, siyo ya mtu mwingine."

Nilikuwa nimezoea kumwona kama mtoto aliyeniibia sukari. Leo nilimshikia mwavuli muda mrefu, mkono ukafa ganzi, na sikusema kitu. Msumari alipita akatuangalia, akauliza kama betri zimeisha.

Aprili 1

Mvua. Vizima.

Aprili 3

Vizima. Bega naliona kama limenenepa. Injinia anasema macho yangu yanaogopa, kioo hakiogopi.

Aprili 5

Nimezungumza na dada, na hapa inabidi nieleze jinsi mdomo wangu unavyofanya kazi. Aliniuliza tu binti anaendeleaje. Nikasema vizuri. Nikaona neno "vizuri" limekaa peke yake kama yatima, nikaliongezea ndugu. Nikasema wakubwa wanakuja Jumamosi kumpongeza. Nikasema patakuwa na hema. Kisha nikasema kiti cha mbele kabisa kimewekwa kwa ajili ya mama mzazi, kina kitambaa cheupe.

"Kitambaa cheupe?" akauliza.

"Cheupe, Dada."

Hawezi kuja. Miaka yote hii hajaja.

Aprili 8

Vizima. Wageni wawili chini ya mwavuli mmoja, wachumba. Niliwaonyesha vioo nikawaeleza kwamba ni mimi niliyevibuni. Nilikuwa naonyesha kwa ncha ya mwavuli, kwa mbali kidogo. Labda si kwa mbali sana.

Aprili 10

Kioo cha tatu kiko chini, vipande viwili.

Ni kilekile nilichokuwa nawaonyesha wale wachumba. Jana nilikitazama kwa haraka, mvua ilikuwa usoni, nikaona kipo. Pengine kilikuwa kimeshapata mchubuko wa mwavuli, kikangoja usiku kianguke. Nimekivunja mimi.

Injinia aliniita kutoka kibandani. "Vipi, Mjomba?"

"Vizima."

Vipande viko mfukoni mwangu. Kesho nitatafuta gundi.

Mvua haijakata tangu saa sita.

Aprili 12

Naandika ya jana. Nitaandika polepole kwa sababu vidole vimevimba.

Jana, Jumamosi, nilikwenda mapema na gundi. Nilikuwa nimeshainua mkono nikibandike, nikatazama juu. Kioo cha tano hakikuwepo. Cha tano kiko juu kabisa, karibu na yale mawe ya mkeka, mahali ambapo hata mwavuli wa jitu haufiki. Halafu nikasikia sauti ndani ya ukuta, ndogo, kama mtu anasaga kitu kwa meno.

Mimi sijakimbia tangu nilipofikisha miaka arobaini. Nilikimbia.

"Cha tano kimekatika!"

Injinia alikuwa anavaa buti. "Na vingine?"

"Cha tatu."

"Vyote viwili usiku huu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na neno mdomoni tayari, limevaa na viatu.

"Cha tatu kilikatika jana. Nilidhani ni mwavuli wangu."

Aliniangalia kwa kitambo kidogo sana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Waite watu wote. Tunaushusha leo. Na huo mwavuli uache hapa."

Tulikuwa wachache. Siku moja mapema tungekuwa wengi, maana Jumamosi nusu ya mafundi huenda kwao. Injinia na Msumari walipanda jukwaa kwa upande ulio imara, wakafunga kamba viunoni, wakaanza kutoa mawe ya juu. Aliyekuwa chini ya jukwaa alipokea, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, mpaka kwenye turubai kubwa lililotandazwa majanini, ambako mawe yalilazwa safu kwa safu kama yalivyokuwa juu. Mbele ya bega lenyewe hakuna mtu aliyeruhusiwa kusimama. Injinia alichora mstari kwa chokaa, mvua ikaufuta, akaweka mabati. Mimi nilikuwa katikati ya mstari wa kupokezana. Jiwe moja si zito. La mia ni zito kama mtu.

Ilipofika kama saa tano nilisikia nyuma yangu mtu anasema, "Mdogo wangu."

Sauti hiyo naijua tangu nikiwa mtoto. Niligeuka. Dada alikuwa amesimama kwenye njia ya matope, amevaa gauni la sherehe, viatu vya sherehe, mkoba mkononi, maji yanamtiririka kichwani.

"Hema liko wapi?"

"Dada, hema… limechelewa."

"Na yule pale juu ni nani?"

Sikuwa na la kusema. Mimi. Andika tarehe.

Alipita mbele yangu mpaka kwenye mabati. "Wewe! Shuka!"

Binti alimwona. Alikuwa ameshika jiwe kifuani. Kwanza alilitoa likaenda, ndipo akajibu. "Mama, nikishuka unaanguka wenyewe."

"Uanguke! Si ulishaanguka? Umekuzaa? Shuka nimesema!"

"Baba aliuzuia kwa gogo akiwa chini yake. Mimi siko chini yake. Naanzia juu, naupunguza. Tazama pale chini, mama. Kuna mtu?"

Dada akatazama. Mbele ya bega kulikuwa na matope matupu na mvua.

"Alikuwa ameshika gogo?"

"Ndiyo."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukutaka kuambiwa, mama."

Mstari mzima ulikuwa umesimama. Msumari naye alikuwa juu na jiwe lake, hajui aangalie wapi. Injinia akasema kwa sauti ile anayotumia kwa sisi sote, "Tusisimame. Mawe."

Mstari ukaanza tena. Nilimwona dada kwa pembe ya jicho. Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akavua viatu, akavitia kwenye mkoba, mkoba akauweka chini ya jukwaa pakavu, akaja akasimama kati yangu na fundi aliyefuata, pale nilipokuwa natupa hatua mbili kwa sababu watu hawakutosha.

"Lete," akaniambia.

Nikampa. Kila jiwe alilitazama uso kabla ya kulipitisha, kama mtu anayemtafuta mwenzake abiria wanaposhuka. Hakusema neno, nami sikusema, na kama kuna mtu atasimulia kwamba mimi nilinyamaza kuanzia saa tano mpaka jioni, asisadikiwe isipokuwa ana mashahidi.

Saa tisa sauti ya kusaga ilirudi, kubwa. Injinia alipiga kelele, "Achieni!" Yeye na Msumari wakaruka upande wa jukwaa ulio imara. Sehemu ya chini, iliyokuwa bado haijashushwa, ilijikunja taratibu ikamwagika mbele, pale pa mabati, pasipo na mtu. Haikupiga kishindo kikubwa nilichokitarajia. Ilikuwa kama pumzi ndefu. Mawe machache yaliviringika mpaka kwenye miguu yetu yakasimama.

Dada alikuwa amenishika mkono. Alama za kucha zake ziko hapa ninapoandika.

Kilichomwagika hakifiki robo. Mawe mengine yote yako kwenye turubai, yamelala kwa safu zake.

Binti alishuka. Walisimama wakatazamana, wote wawili wametapakaa matope.

"Kucha zako zimeharibika," dada akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nikikupigia simu, pokea."

"Si wewe ndiye ulikuwa hupokei?"

"Wewe pokea tu."

Kisha ndipo akalia, na binti akamshika, na mimi nikaenda kutafuta mwavuli wangu, maana macho yangu huwa yanaingiwa na vumbi hata kwenye mvua.

Aprili 13

Dada aliomba kutembezwa kabla ya basi. Aliniomba mimi, si binti. Nilimpitisha kwenye ujia, akapita mbele, mkono mmoja ukuta huu, mwingine ukuta ule. Nilimwonyesha ngazi, na majukwaa ya mawe, na mifereji iliyo chini ya kuta, ambayo maji bado yanatoka humo kama walivyotaka waliojenga. Mfalme wa ulimi alinijia mdomoni. Nikamrudisha.

Mwisho akasema, "Sasa nipeleke."

Nilifungua pembe ya turubai kwenye pengo. Ndani kuna lundo la mawe na nafasi ya kama chumba kidogo cha kulala. Hakuna safu pale. Yalianguka ovyo, na hakuna ajuaye jiwe lipi lilikaa wapi.

"Hapa ndipo?"

"Ndipo."

Alitazama huku na huku. "Nilidhani ni pakubwa," akasema. "Kichwani mwangu pamekuwa pakubwa, mdogo wangu. Nilikuwa silali."

Aliirudisha pembe ya turubai mwenyewe, akaiwekea jiwe upepo usiifunue.

Kwenye basi, mguu mmoja umeshapanda, akageuka. "Kile kitambaa cheupe, sijasahau."

Aprili 14

Kimebaki kioo kimoja, upande wa kusini, kwenye ukingo ambao hatukuushusha. Kizima.

Mei 19

Jua siku ya sita. Wameanza kupandisha.

Juni 7

Bega limerudi mahali pake, na sasa wanaziba pengo la shemeji. Kwa kuwa mawe ya hapo hayana mpangilio, mafundi wanachagua linalofaa, wanalijaribu, wanaligeuza, wanaliweka.

Dada alikuja. Hii ni mara ya nne, na anakuja na viatu vya matope. Alikataa kuweka jiwe. "Mimi nitaangalia," akasema. Ndipo injinia akaniita. "Mjomba, weka moja."

Nilichagua zuri, lenye ubavu mwekundu kidogo. Niliwaambia wote wasogee. Nilitoa hotuba fupi, Msumari anasema ndefu. Nililiweka, nikalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza farasi. Dada alipiga makofi.

Juni 8

Leo alfajiri nilitoka kuangalia kioo, kikombe mkononi. Injinia na Msumari walikuwa wameshafika. Walikuwa wanafungua safu ya jana. Nilimsikia Msumari anasema, "Ameliweka mgongo nje," na binti akamwambia, "Shh. Panga upya kabla hajaamka." Walitoa mawe ya safu nzima, wakayachanganya na mengine chini, wakaanza upya, kila moja linapokaa vizuri.

Nilirudi nyuma ya kibanda. Sikukohoa. Nilikunywa chai ile mpaka ikapoa.

Juni 30

Ukuta umefungwa. Mabati yameondolewa. Ukisimama mbali huwezi kujua palikuwa na pengo.

Wageni wanakuja wengi sasa, na mimi nawaonyesha jiwe langu. Wiki iliyopita nililionyesha karibu na mfereji. Jana nilionyesha la juu zaidi. Leo dada amekuja, amekaa mbele ya ukuta kwenye kiti cha kibanda, kile cha tofali. Binti alikuwa ameketi chini, amemwegemea magotini. Dada akaniuliza, "Lako ni lipi hasa?"

Nikanyoosha mwavuli, kwa mbali. "Lile."

Binti alitazama chini, akafunga kamba ya buti iliyokuwa imeshafungwa.

Basi naandika hapa, kwa kuwa hapa hakuna mgeni. Silijui. Kila asubuhi nikimaliza kuangalia kioo napita mbele ya ukuta ule nikilitafuta jiwe lenye ubavu mwekundu, na jua likiupiga, yote yana wekundu kidogo.